Jeraha la ubaguzi wa rangi lisiloandikwa katika faili ya askari mstaafu

JIJI la Eldoret limezoea sare za kijeshi. Katika Kambi ya Moi hufundishwa makurutu wa Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) kutoka kila pembe ya nchi, na kambi hiyo hiyo imekuwa makao ya kikosi cha Tisa cha Kenya Rifles, kinachofahamika kama 9KR. Vijiji vinavyolizunguka jiji hilo, kuanzia Nandi hadi Elgeyo Marakwet, vimetoa vijana wa kushika bunduki kwa zaidi ya karne moja: kwanza kwa King's African Rifles (KAR), jeshi la mkoloni, kisha kwa jeshi la taifa huru, na katika miaka ya karibuni hata kwa majeshi ya mataifa ya ng'ambo.

Si ajabu, basi, kwamba askari mstaafu wa eneo hilo anapokosa usingizi kwa miezi, akawa anashtuka kwa kila mlio na kujitenga na jamaa zake, familia hufikiria Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi (MTRH). Hospitali hiyo ndiyo tegemeo kuu la Kaskazini mwa Bonde la Ufa, na ina idara ya afya ya akili pamoja na wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Moi.

Mgonjwa kama huyo ataulizwa kama aliwahi kupigwa risasi, kama aliona wenzake wakifa, kama anakunywa pombe na kwa kiasi gani. Hayo yote ni maswali ya lazima. Lakini lipo moja ambalo ni nadra kusikika, hapo Eldoret au kwingineko: jeshi alilolitumikia lilimtendeaje yeye mwenyewe?

Swali hilo si la adabu tu. Ni la kitabibu.

Maradhi ya kiwewe, yaani hali inayomfanya mtu aliyepitia jambo la kutisha aendelee kuliishi kana kwamba halijapita, yaliingizwa rasmi katika orodha ya magonjwa ya Chama cha Wataalamu wa Akili cha Marekani mwaka 1980. Msukumo mkubwa ulitoka kwa askari waliorejea kutoka Vietnam. Miaka michache baadaye bunge la nchi hiyo liliagiza utafiti mkubwa kuhusu askari hao, na matokeo yake yakawashangaza wengi. Miongoni mwa wanaume Wazungu waliohudumu katika eneo la vita, asilimia 13.7 walikuwa bado na maradhi hayo miaka mingi baada ya bunduki kunyamaza. Miongoni mwa Wamarekani Weusi kiwango kilikuwa asilimia 20.6, na kwa wale wenye asili ya Amerika ya Kilatini kikafika asilimia 27.9.

Sehemu ya tofauti hiyo ilielezeka kwa urahisi: askari Weusi walikumbana na mapigano makali zaidi. Hata hivyo, mwaka 2001 mtafiti Chalsa Loo na wenzake walichapisha uchunguzi wao kuhusu Wamarekani wenye asili ya Asia waliopigana Vietnam, watu ambao sura zao zilifanana na za adui na ambao walitukanwa na askari wenzao kwa sababu hiyo. Walibaini kwamba ubaguzi ulichangia dalili za kiwewe juu ya zile zilizoletwa na mapigano yenyewe. Kwa maneno mengine, ukiwachukua askari wawili walioona vita vya aina moja, yule aliyedharauliwa na jeshi lake ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuumwa.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Askari huvumilia hatari kwa kuwa anaamini kwamba aliye kando yake atamlinda. Anapogundua kwamba huyo aliye kando yake anamhesabu kuwa nusu mtu, basi hana mahali pa kupumzika: mbele yuko adui, nyuma yuko mwenye dharau. Mwili wake hukaa macho saa zote, na mazoea hayo hayamwachi anapovua sare. Tena adui humalizika vita vinapokwisha. Dharau humfuata hadi nyumbani, ofisini na katika dirisha la malipo ya kustaafu.

Kenya inalijua jambo hili kuliko inavyokiri, na kwa bahati mbaya ushahidi wake mwingi uko katika ardhi inayoizunguka Eldoret.

Bahati nasibu ya 1919

Eldoret ilianza kama mji wa walowezi. Makaburu kutoka Afrika Kusini, ambao wengi wao walikuwa wamepitia vita vya mwaka 1899 hadi 1902 kati yao na Waingereza, waliwasili katika uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1908. Mji ukaota kwenye shamba namba 64, na ndiyo maana wenyeji waliuita Sisibo.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka 1914, vijana wa Kinandi waliingia KAR kwa mamia, huku wengine kutoka jamii mbalimbali wakichukuliwa kuwa wapagazi wa kubeba mizigo ya jeshi hadi Tanganyika. Wapagazi walikufa kwa njaa, kuhara na malaria kuliko kwa risasi. Jina la mtaa wa Kariakoo jijini Dar es Salaam na la Kariokor jijini Nairobi ni mabaki ya jina la kikosi chao.

Mwaka 1919 serikali ya kikoloni iliamua kuwazawadia askari waliotoka vitani. Zawadi ilikuwa mashamba, na washindi walipatikana kwa bahati nasibu iliyochezeshwa Nairobi na London. Ardhi iliyotengwa ilizidi ekari milioni mbili. Mwafrika hakuruhusiwa kushiriki, wala Mhindi. Isitoshe, sehemu ya ardhi hiyo ilimegwa kutoka kwa Wanandi wenyewe, katika maeneo ya Kipkarren na Kaimosi, eneo linalozidi maili mraba 100.

Msomaji na aitazame hali hiyo kwa utulivu. Kijana wa Kinandi anarudi kutoka vita vya Mwingereza na kukuta kwamba malisho ya ng'ombe wa baba yake amepewa askari mwingine wa vita hivyo hivyo, kwa sababu tu askari huyo ni Mzungu. Katika miaka hiyo hiyo alitakiwa avae kipande, yaani kitambulisho cha kazi kilichowekwa ndani ya kijaluba cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Mzungu hakuvaa. Kipande hicho kilidumu hadi mwaka 1947, kwa hiyo hata askari aliyerudi kutoka Burma mwaka 1945 au 1946 alivua medali na kurudia kijaluba.

Hasira ya Wanandi ilifika kilele mwaka 1923, kodi na karantini ya mifugo zilipoongezeka juu ya uchungu wa ardhi. Serikali ilipiga marufuku sherehe ya kukabidhiana madaraka kati ya marika na kumkamata kiongozi wao wa kiroho, Orkoiyot Barsirian arap Manyei. Hakuachiliwa huru hadi mwaka 1964, zaidi ya miaka 40 baadaye.

Vita vya Pili vya Dunia vilirudia hadithi ile ile kwa kiwango kikubwa zaidi. Takriban Wakenya 100,000 waliitumikia Uingereza. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana katika Bonde la Kabaw nchini Burma mwaka 1944, katikati ya mvua, matope na malaria. Mwezi Februari mwaka huo, meli ya Khedive Ismail iliyoondoka Mombasa ilizamishwa na nyambizi ya Japani karibu na visiwa vya Maldivi, na karibu watu 1,300 wakaangamia, wakiwamo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Ndani ya jeshi hilo Mwafrika hakuweza kuwa ofisa kamili, hata angekuwa na miaka 20 ya utumishi. Alikula chakula tofauti na kupata mshahara tofauti, na viboko vilikuwa adhabu halali kwa Mwafrika peke yake. Baada ya vita, kiinua mgongo nacho kilikadiriwa kwa rangi. Hati zilizofichuliwa na shirika la habari la Al Jazeera mwaka 2019 zilionyesha kwamba askari Mzungu katika makoloni ya Afrika Mashariki alilipwa hadi mara tatu ya Mwafrika aliyekuwa na cheo sawa na muda sawa wa utumishi. Ukadiriaji huo haukuwa uzembe wa karani fulani, bali jedwali lililoandikwa na kuidhinishwa.

Na kama mwaka 1919, walowezi wapya waliokuwa askari waliletwa tena baada ya 1945 kupewa mashamba katika nyanda za juu, Uasin Gishu na Trans Nzoia zikiwamo.

Daktari wa Mathari

Je, askari Mwafrika aliyevunjika moyo kwa mambo hayo alikuwa na daktari wa kumwendea? Jibu la swali hili ndilo linalofanya kisa cha Kenya kiwe cha pekee, kwa kuwa hapa taaluma yenyewe ya afya ya akili ilishiriki katika kumkana mgonjwa.

Hospitali ya Mathari jijini Nairobi, iliyofunguliwa kuwa kituo cha wagonjwa wa akili mwaka 1910, iliwatenga wagonjwa kwa rangi. Kuanzia mwaka 1938 hadi 1950 iliongozwa na J. C. Carothers, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini ambaye alipokabidhiwa kazi hiyo hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Huyu ndiye aliyekuja kuandika, kwa niaba ya Shirika la Afya Duniani (WHO), kitabu kuhusu akili ya Mwafrika kilichochapishwa mwaka 1953. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amedai katika jarida la kitabibu la Uingereza kwamba Mwafrika wa kawaida hufikiri kama Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo.

Carothers alishikilia kwamba ugonjwa wa huzuni kubwa ni adimu mno kwa Waafrika, kwa kuwa hawana tabia ya kujichunguza na kujilaumu. Ushahidi wake ulitoka katika vitabu vya Mathari. Kosa lake lilikuwa la hesabu kabla halijawa la chuki. Waliopelekwa Mathari walikuwa wale waliovuruga amani, aghalabu wakiletwa na polisi. Mtu aliyekaa kimya nyumbani kwake, hali wala halali, hakumsumbua mkuu wa wilaya, na kwa sababu hiyo hakuhesabiwa. Daktari alitazama kitabu, hakumwona, akahitimisha kwamba hayupo.

Miaka michache baadaye, mwaka 1954, serikali ya Kenya ilimwita Carothers aeleze saikolojia ya Mau Mau. Miongoni mwa viongozi wa vita hivyo walikuwamo askari wa zamani wa Uingereza, kama Waruhiu Itote, aliyejulikana kwa jina la Jenerali China, ambaye alipigana Burma, na Bildad Kaggia. Ripoti ya Carothers iliyaeleza maasi hayo kuwa vurugu za akili za watu waliokwama kati ya mila na usasa. Malalamiko ya ardhi na ubaguzi yakageuzwa kuwa dalili za ugonjwa.

Hivyo askari Mweusi alifungiwa milango yote miwili. Alipokaa kimya, aliambiwa kwamba huzuni si ugonjwa wa watu wa aina yake. Aliposema, akaambiwa kwamba malalamiko yake ndiyo ugonjwa.

Mtu aliyelijibu jambo hili kwa ukali zaidi alikuwa mwenyewe askari mstaafu na daktari wa akili. Frantz Fanon, mzaliwa wa kisiwa cha Martinique, alipigania Ufaransa katika Vita vya Pili vya Dunia, akajeruhiwa mwaka 1944 na kupewa nishani, huku akishuhudia jinsi askari wa makoloni walivyobaguliwa. Mwaka 1953 alianza kazi katika hospitali ya Blida, Algeria, na katika kitabu chake cha mwisho, kilichotoka mwaka 1961, alimtaja Carothers kwa jina na kuyapangua madai yake. Kwa mtazamo wa Fanon, kumtibu mtu aliyeumizwa na dharau bila kuitaja dharau hiyo ni kumwambia arudi kuivumilia.

Nchini Nigeria naye Thomas Adeoye Lambo alionyesha katika kituo cha Aro, Abeokuta, kuanzia mwaka 1954, kwamba mgonjwa wa akili wa Kiafrika hupona vyema anapotibiwa akiishi kijijini pamoja na jamaa zake. Mwaka 1968 mtaalamu Raymond Prince alipitia maandishi ya miongo kadhaa na kugundua jambo la kustaajabisha: ugonjwa wa huzuni, uliosemekana kuwa adimu barani Afrika, ulianza kuripotiwa kwa wingi mataifa yalipokaribia au kupata uhuru. Ni vigumu kuamini kwamba watu walianza kuhuzunika kwa sababu ya bendera. Kilichobadilika zaidi ni macho ya wanaotazama.

Kibanda kando ya mto

Kabla ya ukoloni, jamii za eneo hili hazikuwa zimewaacha mashujaa wao bila dawa. Mwingereza A. C. Hollis, aliyeandika kuhusu Wanandi mwaka 1909, alieleza kwamba shujaa aliyemuua mtu wa kabila jingine alijipaka rangi nyekundu upande mmoja wa mwili na nyeupe upande wa pili. Kwa siku nne hakuruhusiwa kuingia nyumbani. Alijenga kibanda kando ya mto, akaishi huko mbali na mke au mchumba, akila vyakula maalumu tu, na siku ya nne akanywa dawa kali ya magome ya mti na maziwa ya mbuzi yaliyochanganywa na damu. Baada ya hapo alikuwa safi, na jamii ilimpokea.

Wataalamu wa leo wangeliona katika desturi hiyo jambo wanalolitafuta kwa taabu: muda wa kupumzika, mpaka ulio wazi kati ya vita na nyumbani, na jamii inayokiri kwamba aliyetoka vitani amebeba kitu. Askari wa KAR hakupewa hata siku hizo nne. Alivuliwa sare, akapewa nauli na kurudishwa kijijini.

Lakini kuna pengo ambalo hata mila ile isingeliziba. Ilimsafisha mtu kwa damu aliyoimwaga yeye. Haikuwa na kibanda cha mtu aliyetukanwa na wakubwa wake.

Kuna urithi mwingine wa ubaguzi ambao haufanani na tusi, na pengine ndiyo sababu umedumu. Waingereza waligawa Waafrika katika makabila ya kivita na yasiyo ya kivita. Wakamba na jamii ambazo leo huitwa Wakalenjin ziliwekwa katika kundi la kwanza na kuandikishwa kwa wingi. Ilionekana kuwa heshima, na wapo wanaoisimulia hadi leo kwa fahari. Ukiichunguza, hata hivyo, ni nadharia ile ile ya Carothers ikiwa imevaa nguo za sikukuu: mwili unasifiwa, akili inakanwa. Mtu wa kabila la kivita hazaliwi na hofu, kwa hiyo hawezi kuugua hofu. Mzee aliyelelewa katika imani hiyo, na mwanawe, na mjukuu wake aliyeko jeshini leo, wote huona taabu kumwambia daktari maneno mawili mepesi: naogopa usiku.

Vizazi vya leo

Askari wa KAR wa Vita vya Pili vya Dunia waliobaki hai ni wachache mno, na wengi wao wamepita miaka 95. Ingekuwa rahisi kusema kwamba habari hii imepitwa na wakati. Sivyo ilivyo.

Kwanza, kuna familia zao. Mtoto aliyekua na baba asiyezungumza, mwenye hasira za ghafla na pombe nyingi, hulea watoto wake mwenyewe kwa kile alichokiona. Pili, jeshi la sasa lina majeraha yake. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya wanajeshi wa Kenya huko El Adde nchini Somalia ilishambuliwa na wapiganaji wa Al-Shabaab. Kikosi kilichopigwa vibaya kilikuwa 9KR, na tarehe 27 mwezi huo Rais Uhuru Kenyatta alifika katika Kambi ya Moi, Eldoret, pamoja na marais wa Nigeria na Somalia kwa ibada ya kuwakumbuka waliouawa. Serikali haikutangaza wakati huo idadi kamili ya waliokufa. El Adde haikuwa habari ya ubaguzi wa rangi, lakini iliwafundisha wakazi wa eneo hilo somo linalohusika: huzuni isiyokiriwa hadharani na mwajiri hupona polepole.

Tatu, kuna wanaovaa sare za mataifa mengine. Vijana wa Kenya wamejiunga na jeshi la Uingereza kupitia Jumuiya ya Madola, na wengine na jeshi la Marekani. Mashabiki wa riadha wanamkumbuka Paul Chelimo, mzaliwa wa eneo la Iten, aliyeshinda medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016 akiwa askari wa Marekani. Kwa wengi utumishi huo huwa njia ya heshima ya kupata uraia na riziki. Hata hivyo, Mkenya anapofika huko huwa, pengine kwa mara ya kwanza maishani, mtu mweusi kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Mwenzake aliyezaliwa Chicago amefundishwa tangu utotoni na wazazi wake jinsi ya kulitambua tusi la rangi na kulijibu. Aliyekulia Kapsabet hakufundishwa hilo, na anapokumbana nalo huelekea kujilaumu, akidhani tatizo ni lafudhi yake au bidii yake.

Katika hospitali za idara inayowahudumia askari wastaafu Marekani, vimeanzishwa vikundi vya tiba kwa wale walioumizwa na ubaguzi. Utaratibu wake hauna muujiza. Wastaafu wachache hukutana kila wiki kwa majuma kadhaa pamoja na mtaalamu. Huanza kwa kulitaja jambo kwa jina lake, kisha hueleza lilivyowapata, mwili ulivyolipokea na njia walizotumia kulizima, ziwe pombe, ukimya au ukali nyumbani. Baadaye hujifunza njia nyingine. Faida kubwa ya kwanza, kwa mujibu wa wanaoviendesha, ni mtu kusikilizwa bila kuulizwa kama ana hakika kwamba ule ulikuwa ubaguzi.

Mstaafu anayerudi Uasin Gishu huviacha vikundi hivyo nyuma. Kinachomsubiri ni kliniki ya kawaida, na hapo ndipo mafunzo ya wauguzi na washauri nasaha wa Eldoret yanapohitajika. Wana uzoefu wa kutosha wa kiwewe. Machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007, ambayo katika eneo hilo yalifika ukatili wa kanisa la Kiambaa kuteketezwa tarehe 1 Januari 2008, yaliwalazimisha kujifunza. Wanajua kwamba aliyeumizwa na jirani huumwa tofauti na aliyeumizwa na mgeni. Si safari ndefu kutoka hapo hadi kuelewa aliyeumizwa na kamanda wake.

Sheria nayo imeanza kufungua mlango. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yalizipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizo karibu na wananchi, na mwaka huo huo Kenya ilipata sheria mahsusi ya wanajeshi wastaafu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kabla ya hapo, askari mstaafu aliyefikishwa hospitalini baada ya kujaribu kujitoa uhai angeweza kutoka kitandani akaenda kizimbani. Kinachobaki ni fedha na wataalamu, na hapo kaunti nyingi bado ziko nyuma.

Kuhusu Uingereza, deni lake halijafutika. Mwaka 2013 ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wahanga 5,228 wa mateso ya wakati wa Mau Mau. Mwaka 2018 ilitangaza pauni milioni 11.8 za kuwalisha askari wa zamani wa Jumuiya ya Madola wanaoishi katika umaskini, pamoja na wajane. Lakini hati za kiinua mgongo zilipofichuliwa mwaka uliofuata, madai ya baadhi ya wabunge kwamba waliopunjwa wafidiwe hayakuzaa mpango wa malipo. Chakula ni msaada, ilhali kiinua mgongo kilichopunguzwa kwa rangi ni mshahara wa mtu. Mzee aliyepunjwa anaijua tofauti hiyo hata kama amesahau majina ya watoto wake.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba angalau watu 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri waliokufa katika Vita vya Kwanza, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba ubaguzi ulikuwa miongoni mwa sababu. Tangu hapo Tume hiyo imekuwa ikitafuta majina nchini Kenya kwa ushirikiano na KDF, ambayo hifadhi yake ya nyaraka za KAR imeanza kuyatoa. Novemba 2023, Mfalme Charles alipozuru Kenya, alikutana katika makaburi ya vita ya Kariokor na wazee wa KAR na kuwakabidhi medali mpya badala ya zile zilizokuwa zimepotea.

Kwa mshauri nasaha, nyaraka hizo ni zana ya kazi. Familia inayoleta mgonjwa inaweza kuombwa ije na kitabu cha utumishi, picha au kipande kilichohifadhiwa chini ya kitanda, na mazungumzo yakaanzia hapo: babu alikuwa kikosi gani, alifika wapi, alilipwa nini aliporudi. Chama cha wanajeshi wa zamani, kilichojulikana kwa miaka mingi kama KAFOCA na sasa DEFOCA, kinaweza kuisaidia familia kuifuatilia rekodi. Na katika fomu ya mahojiano, chini ya swali kuhusu risasi na lile kuhusu pombe, ipo nafasi ya kutosha ya kuandika swali moja zaidi.